Tani Zilitimia, Taka Zikabaki Mtaani

Kosa ni langu. Mkataba wa kuzoa taka za majumbani niliuandika mimi, nikautetea mbele ya madiwani mimi, na kila mwisho wa mwezi malipo niliyasaini mimi.

Dar es Salaam imekuwa ikiwapa wakandarasi binafsi kazi hii tangu miaka ya 1990. Mtindo uliozoeleka ni mkandarasi kupita nyumba kwa nyumba, kukusanya ada na kujilipa humo humo. Ubaya wake unajulikana: kaya isipolipa, taka hazichukuliwi, taka zisipochukuliwa, kaya hailipi. Nilipokabidhiwa kata kadhaa za manispaa moja, nikajiona nimepata dawa. Ada ilipwe moja kwa moja manispaa, nasi tumlipe mkandarasi kwa kila tani itakayosomwa kwenye mzani kabla ya kumwagwa dampo la Pugu Kinyamwezi. Mzani haupendelei mtu, nilisema. Madiwani wakanipigia makofi.

Sikujiuliza tani ipi ni rahisi kupatikana.

Kata zetu zilikuwa na mitaa ya lami na mitaa ya vichochoro. Kwenye vichochoro Fuso haliingii. Vijana huzitoa taka kwa mkokoteni au guta hadi barabarani, wakazipakia upya, na kutwa nzima gari halifiki hata nusu. Sokoni gari linarudi kinyumenyume na kujaa kabla dereva hajamaliza chai, tena mzigo wenyewe ni mzito kwa sababu umejaa maji. Mkataba wangu ulilipa bei moja kote. Mfanyabiashara yeyote mwenye akili timamu angejua pa kwenda.

Dalili nilizipata. Mwenyekiti wa mtaa mmoja, mama mtu mzima, alikuja ofisini na daftari. Wajumbe wake walikuwa wameandika kila siku ambayo gari halikuonekana.

"Mwanangu, hizo tani zenu mnazitoa wapi?"

"Mama, mzani hausemi uongo," nikamjibu, nikamgeuzia jedwali langu alione. Mistari yote ilikuwa inapanda. Alilitazama kwa adabu, akafunga daftari, akaaga.

Dampo nilikwenda kwa shughuli nyingine kabisa, kusuluhisha ugomvi wa foleni. Gari letu likainua bodi, mzigo ukashuka: majani ya kabichi, maganda ya madafu, mashina ya mikungu ya ndizi, nyanya zilizooza. Nikaendelea kutazama. Taka za nyumbani za Dar zina sura yake. Zina mchanga uliofagiliwa uani alfajiri, majivu ya mkaa, nepi, kandambili iliyokatika. Pale hapakuwa na hata nepi moja. Likaja gari la pili, mambo yale yale. Waokota chupa hawakuinuka hata kulisogelea. Mmoja akaniambia bila kugeuka, "Hayo ya soko, bosi. Hayana kitu."

Miguu ikawa mizito. Mzani kweli haukusema uongo. Niliuuliza uzito, ukanijibu uzito. Nyumba za watu sikuziulizia.

Soko lilikuwa na mkataba wake wa usafi, kwa hiyo taka zile zile manispaa ilizilipia mara mbili. Mkandarasi nilimwandikia barua kali. Akanijibu kwa kunirudishia kifungu nilichokiandika mwenyewe: "taka ngumu kutoka ndani ya kata". Soko limo ndani ya kata. Alikuwa sahihi.

Vichochoroni, watu waliokwisha kulipa ada walichoma taka nyuma ya nyumba au walizitupa mtaroni. Masika yalipoingia mitaro ikaziba, maji yakaingia vyumbani, magodoro yakaharibika. Vijana wa mikokoteni walikosa kazi, maana tulizikataza kaya kuwapa fedha mkononi. Wakazi wengi waligoma kulipa ada, na mkataba ulipofikia mwisho walikuwa bado hawajarudi. Sikuwa na la kuwaambia.

Nilimfuata yule mwenyekiti kwake. Nikamwamkia, nikaanza kueleza. "Marahaba," akasema, akanisukumia daftari. "Soma kwanza." Nikasoma lote, yeye anachambua mchele.

Mkataba uliofuata ulilipa kwa mtaa uliohudumiwa, mjumbe akiweka saini, na mikokoteni ikaingizwa ndani ya bei. Tani zilibaki kuwa kumbukumbu tu. Nao haukuwa msahafu: saini za kughushi tulizikamata. Ila safari hii tulizikamata kwa sababu tulikuwa tunapita mitaani.

Nawe ukikabidhiwa kazi ya aina hii, iwe ya taka, ya maji au ya barabara, kabla hujasaini jifanye wewe ndiye mkandarasi anayetaka kulipwa kwa jasho dogo kuliko yote. Utaliona tundu lenyewe mapema. Na akija mtu na daftari lake, usimwonyeshe jedwali. Vaa viatu umfuate mtaani kwake.