Nyayo za Wapelelezi Chini ya Mlima Kenya

Sisi wa Mombasa baridi tunaisikia redioni tu. Matatu ilipopita Sagana na barabara ikaanza kupanda, nilifunga dirisha nikajikunyata. Mama aliyeketi kando yangu, kapu la ndizi mapajani, akacheka: "Na bado hujafika Nyeri, baba." Kisha akataka kujua natoka wapi, namtembelea nani, nitalala wapi. Kwetu pia mgeni huulizwa, ila kwanza hupewa maji.

Nilikuwa nimekuja kutafuta chimbuko la ujasusi wa Kenya. Idara inayoitwa leo NIS, kwa sheria ya 2012, imetokana na Special Branch, tawi la polisi wa kikoloni lililopevukia katika misitu hii wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni. James Kanyotu, aliyeiongoza tangu 1965 hadi 1991, alikuwa mtu wa Kirinyaga, eneo hilohilo tulilokuwa tukilipita.

Karatina nilishuka. Soko lake lilinitoa macho: viazi, kabeji na karoti kwa magunia, na mimi niliyezoea kununua karoti kwa fungu! Ni pande hizi alikokamatwa Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, kamanda wa Mau Mau, Januari 1954, akiwa na jeraha la risasi shingoni. Ofisa wa Special Branch, Ian Henderson, alimhoji kwa saa 68. Henderson hakuhitaji mkalimani. Alikuwa amekulia karibu na Nyeri, na Kikuyu alikizungumza tangu utotoni.

Nyeri niliamka alfajiri kuutafuta mlima. Ulijitokeza kidogo, mweupe kileleni, kisha mawingu yakaufunika kabla sijamaliza kushangaa. Nikaenda Paxtu, nyumba ndogo katika uwanja wa hoteli ya Outspan, alikoishi Baden-Powell hadi alipofariki Januari 1941. Mimi nilimjua kama babu wa maskauti, mtu wa mahema na mafundo ya kamba. Kumbe ujanani alikuwa jasusi wa jeshi la Uingereza! Alijifanya mkusanya vipepeo, akachora ramani ya ngome ndani ya mabawa yao. Mchoro wake ulikuwa kama kanga: wapita njia huona maua, mlengwa husoma ujumbe. Juu ya kaburi lake kuna duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya maskauti: nimekwenda nyumbani. Nilicheka peke yangu makaburini, jambo ambalo kwetu lingenipatia karipio.

Safari ya Kahigaini, upande wa Tetu, haikuwa na kicheko. Nilitarajia msitu wa kutisha. Nikakuta mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa, na watoto wakitoka shuleni. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa huku tarehe 21 Oktoba 1956. Kwa miezi mingi Henderson alikuwa amemwinda kwa kutumia wapiganaji waliogeuzwa, waliorudishwa msituni na nguo zao zilezile, nywele zao zilezile na nyimbo zao zilezile, wawasake wenzao wa jana. Waliijua harufu ya kambi, vichaka vya kujificha, hata mahali pa kuchota maji. Hatimaye, aliyempiga Kimathi risasi ya mguu alikuwa askari wa Polisi wa Kikabila aliyekuwa doria mpakani mwa msitu. Kimathi alishtakiwa hukohuko Nyeri, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Nilisimama kwenye udongo mwekundu, viatu vimenata tope, nikaona jinsi sinema zilivyonidanganya. Nilidhani ujasusi ni mitambo na miwani myeusi. Hapa ulikuwa ujirani uliogeuzwa silaha: kujua lugha ya mtu, nyayo zake, na nyumba gani imepika chakula kingi kuliko walaji wake. Mau Mau nao waliutumia vilevile, maana habari na chakula vilifika msituni kupitia kina mama na watoto.

Henderson alifukuzwa Kenya mwaka 1964, akaenda Bahrain, akawa mkuu wa usalama huko kwa miongo mitatu. Chuo kikuu cha Nyeri kinaitwa Dedan Kimathi. Nilipita langoni pake wanafunzi wakigombea matatu ya mjini, nami nikajitosa kati yao kutafuta kiti, maana bado nilitaka kuona Nanyuki.