Swali la Mpemba na Sumaku Zisizopatana

Jirani watatu waweza kukosa suluhu hata pasipo mmoja wao kuwa mwovu. Chukua mfano, msomaji wangu, wa nyumba tatu zilizozunguka ua mmoja hapa kwetu Makina, katika Kibera. Tuseme kila mlango hauna budi kuelekea mashariki au magharibi, na kila mwenye nyumba ataka mlango wake uelekee upande usio wa jirani zake wote wawili. Wa kwanza achagua mashariki, wa pili magharibi. Wa tatu je? Akielekea huku amuudhi huyu, akielekea huko amuudhi yule. Njia ya kuwaridhisha wote haipo.

Mkwamo kama huu umo pia ndani ya madini. Katika fuwele ya shaba, atomi zimejipanga safu kwa safu. Ukichanganya humo manganizi kidogo, atomi zake hukaa popote pasipo mpango, na kila moja ni sumaku ndogo. Umbali baina yao ndio uamuao: mbili zilizoachana hivi hupenda kuelekea upande mmoja, mbili zilizoachana vile hupenda kupeana kisogo. Nyingi, basi, haziwezi kuwaridhisha jirani zao wote. Joto likiwapo, hugeukageuka. Baridi ikipita nyuzi 200 chini ya sifuri na kuzidi, huganda, kila moja ikielekea kwake. Mwaka 2021 Giorgio Parisi wa Italia alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, na sehemu kubwa ya sifa yake ilitokana na hesabu za fujo hii.

Pengine utauliza, hayo yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa swali la kijana wa Afrika Mashariki limefika humo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, alitia maziwa ya moto katika jokofu ili kufanya aiskrimu, yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu alichekwa. Hakunyamaza. Baadaye alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Osborne alikubali kupima, na mwaka 1969 wakachapisha habari hiyo pamoja.

Juu ya maji, wataalamu wangali wakibishana. Lakini mwaka 2019 wataalamu wa Hispania na Italia, wakitumia kompyuta iliyoundwa kwa kazi hiyo, walionyesha kwamba sumaku hizi zisizopatana zaweza kufanya vivyo hivyo: iliyoanza na joto zaidi ikatangulia kupoa. Sababu yake ni kwamba ilikuwa imepewa muda mrefu zaidi, hata mafungu ya atomi zilizopatana ndani yake yakawa makubwa. Kipimajoto hueleza joto la sasa; hakielezi muda uliopita wala kazi iliyokwisha kufanyika ndani.

Hili ndilo nilitakalo ulishike, ewe kijana usomaye. Waliomcheka Mpemba walijua joto la maziwa, wakadhani wamejua yote. Mwenzako akiinua mkono darasani na kusema aliloliona kwa macho yake, hata likipingana na kitabu, usitangulie kucheka. Tangulia kupima.