Kumbukumbu ya Kuazima

Mwaka huu kompyuta ya nyumbani kwetu ilinifundisha tofauti ya jinsia katika Kifaransa. *La mémoire* ni kumbukumbu. *Le mémoire* ni kazi tunayoandika mwisho wa masomo. Ile ya kike ilikaribia kuiua ile ya kiume.

Kompyuta hiyo iko sebuleni, juu ya meza ambayo zamani ilikuwa ya cherehani. Tunaitumia watu watano. Mimi naitumia usiku, umeme ukiwapo, kuandika maneno ya Nkambo yangu niliyoyarekodi katika Kisanga, lugha ambayo Malcolm Guthrie aliipa namba L35. Nyumbani kwetu ni yeye peke yake anayeisema bila kuchanganya. Nachunguza toni za vitenzi, kwa hiyo siwezi kutosheka na sikio langu: lazima nione mstari wa sauti ukipanda na kushuka katika programu ya Praat.

Usiku mmoja, nikiwa nimeshaandika karibu saa mbili bila kuhifadhi, dirisha dogo likajitokeza: «Mémoire virtuelle insuffisante». Kishale kikaganda. Nikangoja, nikangoja tena, mwisho nikazima mashini kwa kidole. Kazi yote ya usiku ule ikapotea. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tu nimpe mwelekezi wangu sura ya pili.

Asubuhi nilimwendea yaya wangu, anayetengeneza simu na kompyuta huko Katuba. Alinieleza vizuri kuliko kitabu. Kompyuta ina kumbukumbu ya ndani, ya haraka lakini ndogo; yetu ina gigabaiti 2 tu. Ikijaa, Windows inaazima nafasi kwenye diski na kuhamishia huko vitu visivyotumika kwa sasa. Programu zenyewe hazijui. Zinaona kumbukumbu moja kubwa. Ufundi huo si mpya: kompyuta Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester ilikuwa nao tangu 1962. Kabla ya hapo, mwandishi wa programu alilazimika kupanga mwenyewe kipi kiingie na kipi kitoke.

Sisi wanaisimu tunalijua jambo hili kwa maneno ya mkopo. Kwa hiyo *mémoire virtuelle* nimeiita kumbukumbu ya kuazima. Jina hilo linasaidia, kwa sababu linakumbusha kwamba mkopeshaji naye lazima awe na kitu. Diski yetu ilikuwa imejaa filamu za wadogo zangu. Windows ilikuwa inagonga mlango wa mtu asiye na akiba.

Dawa ya kwanza ikawa kusafisha. Nilihamishia filamu kwenye diski ya nje, nikamwaga pipa la taka, nikaondoa programu zisizo na kazi. Dawa ya pili ni hii, kwa yeyote mwenye Windows ya Kifaransa kama yetu: bofya kwa kitufe cha kulia juu ya «Ordinateur», chagua «Propriétés», kisha «Paramètres système avancés». Kwenye sehemu ya «Performances» fungua «Paramètres», ingia «Avancé», na chini ya «Mémoire virtuelle» bofya «Modifier». Ondoa alama ya usimamizi wa otomatiki, chagua «Taille personnalisée», uandike ukubwa wa kuanzia na wa mwisho. Kanuni ya zamani ya mafundi ni mara moja na nusu ya kumbukumbu ya ndani, hadi mara tatu. Mimi niliandika megabaiti 3000 na 6000. Bofya «Définir», kubali, uwashe mashini upya.

Lile dirisha halikurudi. Lakini kompyuta ikawa inatembea kama mzee mwenye mzigo kichwani. Yaya alikuwa amenionya: diski ni ya polepole mno kuliko kumbukumbu ya ndani. Kuongeza mkopo hakumfanyi mtu kuwa tajiri. Na pesa ya kununua kumbukumbu nyingine sikuwa nayo.

Nkambo alikuwa ameketi karibu, akinitazama.

— Mashini yako imechoka?

— Ndiyo, Nkambo. Inasema kumbukumbu haitoshi.

Akacheka.

— Hata miye, ukiniuliza byote mara moja, nasahabu. Uniulize moja moja.

Nilicheka naye, halafu nikanyamaza. Nilikuwa nafungua rekodi nzima ya dakika 40 ili nichunguze kitenzi kimoja. Faili ile kwenye diski ina megabaiti 400 na kitu. Lakini Praat ikisoma sauti kwa njia ya kawaida, inaiweka yote katika kumbukumbu, na kila sampuli ya biti 16 inachukua nafasi ya biti 64, yaani mara nne. Gigabaiti 1.6 hivi, katika mashini yenye 2! Kosa halikuwa la Windows peke yake.

Katika menyu ileile ya kufungua faili kuna amri ya pili, ya sauti ndefu. Nilikuwa nimeiona miezi mingi bila kuijali. Hiyo inaacha rekodi kwenye diski na kuleta kipande unachokitazama tu. Niliichagua. Rekodi ikafunguka papo hapo. Nilikata sentensi moja, nikaihifadhi, nikachora toni zake, nikaendelea na nyingine. Siku hizi nahifadhi kila baada ya sentensi.

Tangu hapo nafanya kazi mchana pia, Nkambo akiwa pembeni, kwa sababu sasa naweza kumsikilizisha sentensi moja bila kungoja. Siku ya kwanza nilimwonyesha kitenzi nilichokuwa nimekitafsiri katika sura ya pili. Alisikiliza sauti yake mara mbili, anasimulia uvuvi wa Lufira, akatikisa kichwa. Toni niliyoandika ni ya kitenzi kingine. Nilikuwa nimeikosea kurasa sita nzima, na pasipo yeye pembeni ningeipeleka hivyo hivyo kwa mwelekezi.