Friza, Mlinzi na Herufi Ndogo

Mlinzi hakuwa na kosa. Nalisema hilo kwanza kwa sababu nilimwacha abebe lawama iliyokuwa yangu.

Kikundi cha wachuuzi wa samaki hapa Shimoni kiliniomba niwafuatilizie joto la friza zao. Kusi likivuma vyombo vingi hubaki pwani, nguru na kolekole huadimika, na kila kilo iliyomo ndani ya friza ina mwenyewe. Nikafunga kompyuta ndogo ya Linux, na skripti ya shell ikawa inasoma kipimajoto na kuandika logi kila dakika tano. Mwanzoni iliandika sentensi ya kawaida tu: friza ya pili, nyuzi -18.

Halafu ujuaji ukanipanda. Journald, inayotunza logi za Linux, hukuruhusu kuongeza fildi zako mwenyewe: unaziandika mstari kwa mstari, unazipitisha kwenye `logger --journald`, kisha unatafuta kwa `journalctl FRIZA=2` bila kuhangaika kuchambua sentensi. Nikaziondoa namba zote kwenye ujumbe. MESSAGE ikabaki na “kipimo kimechukuliwa”, na chini yake nikaandika `friza=2` na `joto=-18`.

Kwa herufi ndogo!

Jina la fildi ni herufi kubwa, tarakimu na kistari cha chini, basi. Lisilofuata hayo journald hulitupa kimyakimya, bila onyo lolote. Skripti yangu ya pili, iliyokuwa itume SMS joto likipanda, ilitafuta JOTO, ikakuta patupu, ikanyamaza. Sikuwahi kuijaribu. Nilikuwa nimeshajigamba nayo mbele ya akina mama karanga, wanaokaanga samaki wa kuuza, na sifa zao zilinitosha.

Friza ikafa usiku. Asubuhi nikaulizwa joto lilianza kupanda saa ngapi. Nikafungua logi, nikaona nilichofanya, nikasema, “Umeme ulikatika, rekodi zimepotea.” Macho yakamgeukia mlinzi: mbona hakuwasha jenereta?

“Mwanangu,” akaniambia, “umeme haukukatika.”

Sikumjibu.

Binti wa mchuuzi mmoja, aliyesomea kompyuta, ndiye aliyeomba kuziona logi kwa macho yake. Fildi zinazoanza na kistari cha chini, kama `_PID` na `_UID`, huandikwa na journald yenyewe. Skripti haiwezi kuzighushi. Akateremka na logi za usiku ule mzima: kila dakika tano “kipimo kimechukuliwa”, saa yake ipo, `_PID` yake ipo. Kompyuta ile haina betri, na ilichomekwa soketi moja na friza. Umeme ungekatika, pangekuwa na pengo. Halikuwapo. Namba nilizozihitaji zilitupwa, na zilizobaki zikaniumbua.

Nimemwomba mzee radhi mbele ya kikundi kizima, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomvunjia heshima. Samaki nawalipa kidogo kidogo.

Nawe unayeandika skripti za namna hii, fildi ziwe kwa herufi kubwa, na namba muhimu ziache pia ndani ya MESSAGE. Kisha upige `journalctl -n 1 -o verbose`, usome kilichohifadhiwa kweli, kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba kazi imekwisha.