Bega la Mrusha Mishale

Kibwezi, Jumamosi, 11 Januari 2025

Bega la kulia limeniamsha tena usiku. Nikililalia, maumivu hushuka hadi juu kidogo ya kiwiko, kana kwamba huko ndiko kulikoumia. Mchana napalilia ndengu bila neno. Ila nikipeleka mkono nyuma kuvaa koti, nasikia mkato. Kuvuta upinde ndiyo taabu yenyewe. Nusu ya kwanza mshale unarudi vizuri, lakini ugwe ukikaribia taya mkono unatetemeka, na mshale uliotoka kwenye mkono unaotetemeka haufiki ulikotumwa.

Upinde huu wa mkole niliachiwa na baba. Nilikuwa kijana serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na tangu hapo sumu ya msunguti haijapikwa katika boma letu. Kilichobaki ni shabaha: gunia lililoshindiliwa nyasi, wazee wamekaa kivulini, watoto wanaokota mishale. Hiki kidogo kilichobaki nakipenda sana, na sitaki kukiacha kwa sababu ya bega.

Jumatatu, 20 Januari

Nimeonwa na mtaalamu wa viungo, binti wa makamo ya mwanangu wa mwisho. Aliniambia, “Mzee, inua mkono kwa ubavuni polepole, uniambie unapoanza kuuma.” Ulianza kabla haujafika usawa wa bega, ukaendelea, kisha ulipopita juu kabisa ukatulia. Akasema hiyo ndiyo alama anayoitafuta: kwa kawaida maumivu ya namna hii hukaa kati ya nyuzi 60 na 120. Bega hushikwa mahali pake na misuli minne, na kano ya mmojawapo hupita kwenye uwazi mwembamba chini ya mfupa wa ncha ya bega. Umri huichakaza kano hiyo. Anayevuta kitu kizito huku bega limepanda sikioni huibana zaidi.

Alinipima sukari pia, maana wenye kisukari hupata bega lililoganda kuliko wengine. Sukari yangu ni nzuri. Kuhusu vidonge aliniuliza presha yangu kwanza, kisha akanionya nisimeze diklofenaki kiholela, kwani huumiza tumbo na figo na hupandisha presha. Tena kidonge kikinyamazisha maumivu, mtu huendelea kuvuta na kuzidi kuichana kano. Akaongeza la kukumbuka: mkono ukilegea ghafla usiweze kuinuka, nirudi upesi, na bega la kushoto likiuma pamoja na kifua kubana, nikimbilie hospitali, huenda ni moyo.

Jumapili, 9 Februari

Mazoezi yamekuwa sehemu ya asubuhi, kabla ya chai. Naegemea meza kwa mkono wa kushoto na kuuacha wa kulia uning'inie na kubembea kwa uzito wake wenyewe. Kisha nafunga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, nabana taulo lililokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, na kuzungusha mkono kwenda nje taratibu, nikiurudisha taratibu vilevile. Mwisho nakaza makombe ya mabega yakaribiane mgongoni. Usiku naweka mto chini ya mkono.

Ugwe wa upinde wangu umesokotwa kwa kano za ng'ombe, na fundi aliyeusokota alikuwa akisema kano haitaki pupa: ivute kidogo kidogo, ipumzishe, ndipo uidai nguvu. Bega nalo naliona hivyohivyo. Nikiongeza kwa haraka, usiku huniambia. Maumivu madogo yanayoisha kabla ya kulala nayavumilia. Yanayofika alfajiri yananirudisha hatua moja nyuma.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimeazima mizani ya kuning'iniza kwa mnunuzi wa ndengu. Tulifunga upinde kwenye tawi, mjukuu akatia ndoana kwenye ugwe na kuvuta hadi urefu wa mshale, mimi nikisoma. Upinde wa baba: kilo 28. Sasa najua bega langu limekuwa likidaiwa nini.

Najua sifa ya pinde nzito. Waata, majirani zetu wa Tsavo waliowinda ndovu, walikuwa na pinde zenye uzito wa kuvuta wa zaidi ya kilo 45, na hadi leo zinatajwa kwa heshima. Lakini mwili hulipa. Mwanangu amenitumia makala juu ya Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa 1982. Ndani yake zilipatikana pinde zaidi ya 130 na mifupa ya watu. Katika baadhi ya mabega, kipande cha ncha ya mfupa hakikuungana na mfupa wenyewe, jambo ambalo kwa kawaida hukamilika ujanani. Watafiti wanalihusisha na kuvuta pinde nzito tangu utotoni. Nimelisoma hilo mara mbili nikimtazama mjukuu wangu, ambaye kila siku huomba auvute upinde wa baba yangu.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimechonga upinde mpya wa mkole, mwembamba. Mti ulikauka kivulini, na nimekwangua upande wa ndani tu, ncha zote mbili sawasawa, nisiguse upande wa nje ambako nyuzi zikikatwa upinde huvunjika. Mizani inasema kilo 16. Wa mjukuu nimeuacha chini zaidi.

Navuta kwa mgongo: bega chini, mbali na sikio, kiwiko kinazunguka kwenda nyuma, na mshale ukifika tayani sikawii kuuachia. Kwa hatua 30 mishale inakaa pamoja kwenye gunia kuliko ilivyokaa mwaka jana. Bega huuma kidogo jioni, asubuhi limetulia. Halitarudi kuwa la ujana, na mtaalamu hakuniahidi hivyo.

Wazee wenzangu watatu wameacha kabisa, nao ni wajuzi kunishinda. Tukikutana nitawaambia wazi: aliyeumia akaonwe mapema, apunguze uzito wa upinde, arudi uwanjani. Na mtoto asipewe upinde wa mtu mzima hata akilia. Upinde upimwe kwa bega la anayeuvuta.