Nilimwambia popote

Mwaka 2014 nilikuwa nafundisha baiolojia kidato cha tatu katika sekondari moja ya Kasulu. Siku ya somo la hamira maabara haikuwa na hamira hata kidogo, lakini nilikuwa nimetoka nyumbani Kibondo na kichupa cha machicha ya pombe ya ndizi niliyopewa na mama jirani. Pombe yenyewe ni ile ya kwetu: ndizi mbivu hukamuliwa kwa nyasi, maji yake yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakalazwa chini ya majani ya mgomba. Tone moja la machicha likatosha. Chini ya hadubini zilijaa seli zenye umbo la yai, nyingi zikiwa zimebeba vichipukizi.

Wanafunzi wengine walichora seli moja kama ya kitabuni, wakatoka. Binti mmoja alibaki. Alichora seli zaidi ya kumi, na pembeni akapiga vijistari vya kuhesabia: vingi kwa vichipukizi vilivyotokea nchani mwa yai, viwili tu kwa vilivyotokea ubavuni. Akaniuliza, "Mwalimu, kichipukizi kinajuaje pa kutokea?"

"Popote tu," nikamjibu. Akanionyesha hesabu yake. Nikachukua kalamu nyekundu, nikavikata vile vijistari, nikaandika chini yake: chora ulichofundishwa. Baadaye nikalisomea darasa zima maneno hayo, wakacheka. Ukweli ni kwamba jibu sikuwa nalo, na kusema "sijui" mbele ya mtoto niliona ni aibu.

Jibu lilikuwepo kabla binti yule hajazaliwa. Nilikutana nalo miaka mitano baadaye, nikijisomea shahada. Mwaka 1991 John Chant na Ira Herskowitz, huko San Francisco, walieleza kundi la jeni walizoziita BUD. Kichipukizi kikiachana na mama yake huacha kovu la duara lenye kaitini, dutu ile ile iliyomo katika magamba ya wadudu, na hapo hubaki protini za alama. Seli yenye seti moja ya kromosomu huchipua jirani na kovu la mwisho. Yenye seti mbili, na hamira za porini kwa kawaida ndivyo zilivyo, huchipua kwenye ncha zake. Protini ya jeni BUD1 huipokea alama hiyo na kuivuta nyingine, Cdc42, ije ianzishe kichipukizi mahali pale pale. Jeni hiyo ikiharibika seli haifi, wala haiachi kuzaa. Huchipua popote.

Nililisoma neno hilo usiku, nikafunga kitabu. Nilikuwa nimemfundisha mtoto hali ya seli iliyoharibika kana kwamba ndiyo kanuni. Kanuni yenyewe alikuwa ameiona kwa macho yake, tena kwenye machicha ya kwetu, nami nikaifuta kwa wino. Ningeweza kujitetea kwamba kitabu chetu cha shule hakikuzitaja jeni hizo. Kweli hakikuzitaja. Lakini hesabu ilikuwa mbele yangu, na kuinamia hadubini nikahakikishe kungenichukua dakika tano.

Mwaka uliofuata somo lile yule binti alichagua mchepuo wa sanaa. Sijawahi kumwuliza kama ni kwa sababu yangu, na naliogopa jibu.

Mwezi uliopita nilimkuta sokoni Kibondo, anauza maharage. "Shikamoo, mwalimu," akaniamkia, akanivutia kigoda. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi kwa kalamu nyekundu na kwa kicheko cha darasa. Aliacha kupima maharage, kopo likabaki mkononi.

"Kwa hiyo zinakumbuka," akasema. "Zinakumbuka kovu la mwisho tu, au yote?"

Nikamwambia zile zenye seti moja hufuata la mwisho. Hizi za seti mbili, alama hudumu hata kwenye makovu ya zamani. Safari hii nilikuwa nalijua jibu, na bado sauti ilinitetemeka.

Akaniomba tuangalie tena. Nimeshaomba ufunguo wa maabara kwa Jumamosi. Atakuja na basi la asubuhi, na machicha atayaleta yeye.