Mimi Si Mjamzito

Mapema Februari 2025 zilitufikia habari zilizotuchekesha huku matumbo yakitusokota. Serikali ya Marekani, iliyokuwa imesimamisha misaada yake tangu Januari 20, ilikuwa imelegeza kamba kidogo. ARV, dawa za wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ziendelee kutolewa. PrEP nayo, dawa anayomeza asiye na virusi ili asiambukizwe, iendelee kwa fedha za Marekani, lakini kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Mimi ni mwanamume wa Mombasa, umri umepita thelathini, napenda wanaume wenzangu. Mimba sina.

Kituo nilichokuwa nikichukulia dawa kilifungwa. Kilikuwa nyumba ya kawaida mtaani, haina kibao, ina makochi mawili na televisheni, na mhudumu aliyenijua kwa jina. Wako watakaosema tulizoea kudekezwa. Lakini waliokuwepo Mtwapa Februari 2010 wanakumbuka umati ulivyovamia kituo cha utafiti wa UKIMWI, eti wanaume wawili walikuwa wakifunga ndoa. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai tulichoachiwa na Mwingereza, kinachokataza mapenzi yetu, kingalipo, na kinaweza kumfunga mtu miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Ni kweli Mahakama ya Rufaa hapa hapa Mombasa iliamua mwaka 2018 kwamba kumkagua mtu njia ya haja kubwa kwa lazima ni kuvunja haki zake, na tulishukuru sana. Lakini anayeweza kufungwa hajipeleki mwenyewe dirishani kueleza analala na nani.

Nilijipeleka hivyo hivyo, hospitali ya serikali, kuomba PrEP. Muuguzi, mama wa makamo, alinitazama kwa juu ya miwani.

"Mwanangu, mkeo ana virusi?"

"Sina mke, mama."

"Sasa PrEP ya nini?"

Foleni nyuma yangu ikanyamaza ili isikie vizuri. Nikasema nina mchumba anayetumia ARV. Sikudanganya, ila sikutaja kwamba mchumba mwenyewe ana ndevu. Akaandika, nikapewa kichupa cha mwezi mmoja, na kutoka hapo nikaanza kuvihesabu vidonge vyangu kama mtu anayehesabu nauli.

Waelimishaji rika wetu, ambao mishahara yao ilikuwa imekatwa, waliendelea kupiga simu usiku kwa vocha zao wenyewe. Hao ndio waliotukumbusha njia ya kumeza PrEP ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa wanaume kama sisi mwaka 2019: vidonge viwili kati ya saa 2 na saa 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya vile vya kwanza, na kingine baada ya saa 24 nyingine. Mwenye homa ya ini aina ya B aliambiwa asithubutu kabla ya kuonana na daktari. Kwa mpango huo kichupa kimoja kinaweza kukufikisha mbali, ingawa kinamfaa zaidi anayejua mapema Ijumaa yake itaishaje. Vilainishi vya maji viliadimika. Wapo waliorudia mafuta ya nazi, yanayolainisha kweli, lakini yanaula mpira wa kondomu hadi upasuke.

Hata hivyo sikuvuka kipindi hicho kwa vidonge pekee. Nilivuka na yule mwenye ndevu. Tulipoanza kuzoeana aliniambia tukiwa tumekaa, chai mkononi: "Mie natumia dawa. Kipimo cha mwisho virusi havikuonekana. Ukitaka kuondoka, ondoka sasa, usinipotezee muda." Rafiki yangu mmoja alipopata habari aliniuliza kama nimechoka kuishi. Rafiki huyo hakumbuki mara ya mwisho alipopima, na wanaume anaokutana nao hawaulizi. Wanaomeza PrEP huwaita malaya. Anayetoa kondomu naye humshuku kuwa mgonjwa.

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wapenzi wa kiume huko Ulaya, jozi 782, mmoja ana virusi vilivyodhibitiwa kwa dawa, mwenzake hana, na hawatumii kondomu. Aliyeambukizwa na mpenzi wake hakupatikana hata mmoja. Walioambukizwa walikuwepo, 15, na virusi vyao havikuwa vya wapenzi wao, walivipata kwingine. Nimeurudia utafiti huo mpaka marafiki zangu wanaziba masikio, kwa sababu unatusema sisi. Tunamkimbia aliyejitaja, tukalale na aliyenyamaza.

Kwa nini basi niendelee na PrEP? Kwa sababu ile Februari hatukujua kama ARV za mwenzangu zingefuata njia ya PrEP yangu, na mwenye virusi akikosa dawa, virusi hurudi. Vichupa viwili kabatini, chake na changu, vyote vimetiwa pamba ndani visipige kelele mgeni akivuta mlango. Dada yangu alikiona changu siku moja akalia, akidhani naficha ugonjwa. Nilimweleza ni kinga. Sikumweleza yote.

Sasa mazungumzo yetu yote ni sindano. Lenacapavir, sindano ya kinga, iliidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo Juni 2025, nayo hudungwa chini ya ngozi mara mbili kwa mwaka. Katika jaribio lililowahusu watu kama sisi, waliodungwa walizidi 2,000 na walioambukizwa wakawa wawili. Vijana wanaitamani kwa sababu haina kichupa. Mwenzangu ananisukuma niwe wa kwanza kujiandikisha. Nimemwambia nitadungwa siku itakapotolewa mahali nisipoulizwa mke. Yeye anasema nikingoja hayo nitazeeka, nirudi kwa yule mama wa miwani nimwambie ukweli, huenda anaujua tayari. Jambo hili bado tunalibishania.